Kiongozi wa kikoba anayekwepa kuhesabu fedha mbele ya watu: tujadili kufuli, vitabu na uaminifu

FundiLeja (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Ikifika Novemba na Desemba, vikoba (vikundi vya kuweka na kukopa) vinapovunjwa, yaani fedha zote zinapogawanywa kwa wanachama, jukwaa linajaa nyuzi za aina moja: mweka hazina kazima simu, mwenyekiti anadai fedha "ziko kwenye mzunguko", katibu kapoteza daftari. Na kila mara wachangiaji wanaishia palepale, kwamba wanachama walichagua watu wasio waaminifu.

Sikubaliani. Wengi wanaokuja kula fedha za kikundi walichaguliwa kwa sababu walikuwa waaminifu kweli. Waliharibikia njiani, baada ya kuachiwa fedha, vitabu na muhuri miezi 10 mfululizo bila mtu kuuliza. Kwa hiyo kipimo changu cha kiongozi wa kikundi ni kimoja tu: wanachama wakichoka na kusema "tunakuamini, endelea", je, yeye anakataa na kuhesabu mbele yao hivyo hivyo? Anayekubali kuaminiwa kirahisi ndiye wa kuogopa.

Mfumo wenyewe wa vikoba ulipangwa kwa mtazamo huo. Shirika la misaada la CARE walianza nao Niger, eneo la Maradi, mwaka 1991, kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Ndiyo maana kila hatua inaonekana kwa macho na kila salio linaweza kushikwa kichwani. Baadaye ukaja huku: Zanzibar tukapata JOSACA kule Jozani, Bara tukapata VICOBA na ndugu zake wote. Tatizo ni kwamba vikundi vikishazoea, vinaanza kukata hatua zinazochosha. Na hatua zinazochosha ndizo hasa zinazomlinda kiongozi na fedha.

Mpangilio wa asili ni huu. Kamati ina watu 5: mwenyekiti, katibu, mtunza sanduku na wahesabu fedha 2. Nje ya kamati kuna washika funguo 3, kila mmoja na kufuli lake. Mtunza sanduku analala na sanduku lakini hana ufunguo hata mmoja. Washika funguo wana funguo lakini hawana sanduku. Wasiwe mke na mume, wasiwe mtu na shemeji yake, wasiishi nyumba moja. Inaonekana kama jambo dogo mpaka ukute kikundi ambacho funguo zote 3 zinaning'inia msumari mmoja nyumbani kwa mtunza sanduku "ili asihangaike kuwatafuta wenzake".

Na mkutano wenyewe unaendeshwa kwa mpangilio usiobadilika. Wanachama wanakaa kwa namba zao, nusu duara. Washika funguo wanafungua. Kabla ya shilingi mpya kuingia, mwenyekiti anauliza: mfuko wa jamii (wa kusaidiana kwenye shida) tulifunga na shilingi ngapi? Watu wanajibu kwa mdomo, kisha wahesabu fedha wanahesabu, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti. Vivyo hivyo kwa fedha za mikopo. Mfuko wa jamii unakaa kwenye kifuko cha rangi yake, hauchanganywi. Ndipo zinafuata hisa (mafungu ya akiba ambayo mwanachama ananunua), marejesho, mikopo mipya, na mwisho hesabu ya kufungia ambayo kila mtu anaondoka nayo kichwani.

Mfano wa siku moja, hisa ni 2,000:

Tulifungua na 412,000. Zikauzwa hisa 61, yaani 122,000. Marejesho 275,000. Faini 3,500. Mezani kuna 812,500. Mikopo ikatoka 700,000. Tunafunga na 112,500.

Mtu aliyeishia darasa la nne anaweza kufuata hesabu hiyo akiwa amekaa kwenye mkeka. Ikifika mahali hesabu ya kikundi haiwezi kusemwa kwa sauti kwa dakika 2, jueni kuna anayefaidika na ugumu wake.

Naomba michango, hasa ya wanaosimamia vikundi huko mitaani na vijijini.

---

Nahodha_wa_Pili

Mkuu umeandika vizuri, ila mambo ya kufuli 3 kwa watu wazima yanaleta fedheha. Unakuta mwenyekiti ni mzee wa mtaa, ana heshima zake, halafu unamwambia funguo zishikwe na vijana. Si umemwita mwizi hadharani hapo?

---

FundiLeja

@Nahodha_wa_Pili geuza upande wa pili. Fedha zikipungua 40,000 kwa makosa ya kuhesabu tu, mzee huyo ambaye fedha zilikuwa kwake peke yake atajitetea na nini? Hana shahidi. Heshima ya miaka 30 inaondoka kwa 40,000 ambazo pengine alipewa mtu chenji ya ziada. Zikiwa zimehesabiwa na watu 2, zikafungwa na watu 3, hakuna wa kumnyooshea kidole. Ukimweleza hivyo mzee mwenye busara, atakwenda kununua kufuli mwenyewe.

Halafu kuna jambo jingine kuhusu wakubwa. Kumchagua mtu mwenye cheo (mwenyekiti wa kijiji, mwalimu mkuu, imamu, mchungaji) kunakipa kikundi jina, lakini jiulizeni kwanza: akichelewa, nani atamtoza faini ya 500? Kama hakuna mwenye ubavu huo, msimchague. Mpeni uanachama wa kawaida, ushauri wake mtaupata hata akiwa amekaa namba 17.

Baadhi ya katiba zinaweka faini ya kiongozi mara 2 ya mwanachama. Napenda kifungu hicho kuliko hotuba yoyote. Mwenyekiti akichelewa kwa mara ya kwanza, akatoa 1,000 yake bila kunung'unika ikadondoka kwenye bakuli, nidhamu ya mzunguko mzima, tangu kuanza kuweka hadi kuvunja, imeshapatikana.

---

MamaHisa

Habari zenu. Niongezee upande wa vitabu, maana wizi mwingi hauhitaji kuvunja kufuli.

Kitabu cha mwanachama kina mstari mmoja kwa kila mkutano, na kila mstari una nafasi 5 kwa sababu hisa ni 1 hadi 5. Ukinunua 3, inagongwa mihuri 3, na zile nafasi 2 zilizobaki zinapigwa mstari wa kalamu hapo hapo, kitabu kikiwa bado mkononi mwa katibu na wewe unatazama. Ambaye hakununua kabisa anapigiwa mstari nafasi zote 5. Nafasi iliyoachwa wazi ni hisa inayosubiri kugongwa usiku.

Vitabu vyote vinalala sandukuni. Najua watu wanapenda kwenda navyo nyumbani kuwaonesha wenzi wao, lakini kitabu kilichotoka nje ya sanduku hakiaminiki tena. Muhuri nao ulale sandukuni pamoja na kidau cha wino. Wengi wanasahau muhuri! Katibu anautia kwenye mkoba kama kalamu yake, na muhuri wa kikundi ni sawa na mashine ya kuchapa fedha. Chagueni muhuri wenye alama isiyopatikana dukani kirahisi. Ule wa nyota au ua unauzwa kila duka la vifaa vya shule.

Sasa niseme ugonjwa mkubwa kuliko yote: kugeuza mkopo. Mtu anadaiwa 300,000 na ziada ya mwezi, yaani riba ya mkopo, ni 30,000. Siku ya kurejesha analeta 30,000 tu. Katibu anaandika amerejesha 330,000, halafu mstari wa chini anaandika amekopa 300,000 mpya. Kwenye daftari anaonekana mlipaji mzuri mno. Ukweli ni kwamba ile 300,000 haijagusa meza tangu Machi. Wakifanya hivyo watu 8, siku ya kuvunja kitabu kina mamilioni na sanduku lina mia tano mia tano.

Na aghalabu wa kwanza kugeuza ni kiongozi, kwa sababu ndiye anayejua kwamba inawezekana.

Dawa ni mbili. Moja, marejesho yote yaonekane mezani kwa noti, yahesabiwe, ndipo yaandikwe. Mbili, aliyemaliza mkopo leo asikope leo, asubiri mkutano ujao wa mikopo. Wiki 4 hazimuui mtu, na mwenye fedha ya kuazima jioni ili aoneshe mezani atajulikana tu.

---

Kijana_wa_Buguruni

Dada @MamaHisa swali: katibu wetu ndiye pekee anayeandika vizuri, wengine wanasoma kwa kubahatisha. Tufanyeje? Hatuna wa kumkagua.

---

MamaHisa

Mdogo wangu, kukagua hakuhitaji mwandiko mzuri. Kila mtu anajua mihuri yake mwenyewe, anaweza kuihesabu kwa kidole. Fanyeni hivi: mkutano mmoja kila mwezi, kabla ya kufunga, kila mwanachama asimame kwa namba yake aseme "nina hisa 42, nadaiwa 150,000". Katibu afuatilie kwenye leja (daftari kuu la hesabu) kimyakimya na aseme ndiyo au hapana. Zikitofautiana, kazi inasimama papo hapo. Watu 25 mnamaliza ndani ya dakika 20.

Kuna faida ya pili ambayo watu hawaitarajii. Madeni yakisemwa kwa sauti, kiongozi naye anasema lake. Kikundi ambacho madeni ya viongozi hayajulikani kina tabaka mbili za wanachama.

---

Teknohama

Wakuu mbona mnajitesa na masanduku na wino? Siku hizi kuna akaunti za kikundi kwenye simu, M-Koba na nyinginezo. Kila mwanachama anapata meseji fedha ikiingia na ikitoka, kutoa lazima waidhinishe watu zaidi ya mmoja. Mwizi anaingilia wapi?

---

Mkaguzi_Mstaafu

@Teknohama anaingilia kwenye namba ya siri.

Nakubaliana nawe kwamba simu imepunguza hatari kubwa, ile ya fedha nyingi kulala kwenye nyumba ya mtu. Meseji kwa wote ni jambo zuri sana, ni sawa na ile hesabu ya sauti. Lakini nendeni mkaulize waidhinishaji wenyewe. Mara nyingi ni bibi mmoja ambaye simu yake anaibonyeza mjukuu, mama mwingine aliyempa katibu namba yake ya siri "anisaidie maana mimi sijui", na katibu mwenyewe. Yaani waidhinishaji 3, kidole kimoja. Ni zile funguo 3 kwenye msumari mmoja, safari hii ndani ya simu.

Kosa la pili ni fedha kutumwa kwenye namba binafsi ya mweka hazina "halafu atahamisha". Hapo hakuna akaunti ya kikundi, kuna fedha za watu zilizochanganyika na za mboga. Hata mtu mwema atajikuta amelipia ada ya mtoto Jumanne akitegemea mshahara wa Ijumaa, na mshahara ukichelewa anaanza kudanganya. Marufuku iwe kwenye katiba, na mweka hazina ndiye awe wa kwanza kurudisha fedha iliyotumwa kwake kimakosa, siku ile ile, na kumwambia aliyetuma apitishie kunakohusika.

Tumieni vyote viwili: simu kwa kuhifadhi, mkutano kwa kuhesabu. Salio lisomwe kwa sauti kutoka simu ya mwidhinishaji tofauti kila wiki, si ya mtu yule yule.

---

Chama_ya_Magharibi

Habari kutoka upande wa Kenya. Huku wengi wetu tunafanya ile ya mezani: kila shilingi inayoletwa inakopeshwa siku hiyo hiyo, hakuna kitu kinabaki kwa boksi. Watu hudhani kwa sababu hakuna pesa ya kuiba basi hakuna wizi. Wapi! Wizi unahamia kwa orodha ya wakopaji. Mwenyekiti anapitisha mkopo wa dadake, wa shemeji, wa jirani aliyeingia juzi, na zote zinarudi kwake. Ukiangalia karatasi ni wakopaji wanne, ukiangalia mfuko ni mmoja.

Kwa hivyo vikundi vinavyodumu huku vimeweka sheria kwamba ofisa anakopa mwisho. Maombi ya wanachama yasikizwe kwanza, kikibaki ndio viongozi wagawane. Pili, ofisa akiomba mkopo wake atoke nje ya kikao na naibu aendeshe. Tatu, mdhamini wa ofisa asiwe ofisa mwenzake, maana watadhaminiana mpaka kikundi kiishe.

Katiba yetu ya 2010 ina Sura ya Sita nzima kuhusu uongozi na uadilifu, na tunapenda kuwasomea wanasiasa. Kwa chama cha watu ishirini hatuisomi.

---

Nahodha_wa_Pili

Hahaha, hilo la mwisho ni kweli. Na sisi huku tulikuwa na Azimio la Arusha la 1967, kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha, asiwe na hisa kwenye makampuni. Mpaka Azimio la Zanzibar 1991 likalegeza. Sasa hivi viongozi wa umma wanajaza tamko la mali kwa mujibu wa sheria ya 1995. Kwenye kikoba hata tamko la deni hakuna.

Nimekubali kuhusu kufuli. Swali langu la pili: ikitokea kiongozi amegundua hesabu imepungua, kidogo tu, si bora ajazie mfukoni mwake yaishe? Wengi wanasifiwa kwa hilo.

---

Mkaguzi_Mstaafu

Swali zuri, na jibu langu watu hawalipendi: asijazie. Kujazia kimyakimya ni kosa kubwa hata kama nia ni njema.

Sababu ya kwanza, kosa lililozaa upungufu linabaki. Labda mhesabu mmoja anahesabu noti za 2,000 zilizoshikana, labda kuna mtu alilipwa mara mbili. Mwezi ujao litajirudia. Sababu ya pili, wanachama wanazoea kuona sanduku halina kasoro kamwe, kwa hiyo wanaacha kusikiliza hesabu. Sababu ya tatu ndiyo mbaya zaidi: aliyejazia 10,000 bila kusema anajiona ana haki ya kuchukua 10,000 bila kusema. Mpaka kati ya fedha zake na za kikundi umeshafutika, na aliyeufuta ni yeye mwenyewe akiwa na moyo safi.

Utaratibu ni huu. Upungufu ukionekana, kazi nyingine zinasimama. Wahesabu wanabadilishana, wanahesabu upya. Katibu anasoma upya kila tukio la siku ile. Kama bado haijaonekana, mwenyekiti anatangaza kiasi, katibu anaandika kwenye muhtasari "upungufu 10,000, chanzo hakijajulikana", wanachama wanaamua papo hapo: unabebwa na kikundi au na waliokuwa wakihesabu. Mkiamua walipe wahesabu, walipe mezani na iandikwe kama malipo. Fedha zikizidi nazo ziandikwe. Fedha iliyozidi bila maelezo si baraka, ni mwanachama mmoja ambaye hakuandikiwa hisa zake.

Sasa niweke namna ya kukagua kikundi kizima kwa saa moja, maana watu wanadhani ukaguzi ni kazi ya mtu wa chuo.

Chukueni jumla tangu mzunguko uanze. Tuseme ununuzi wa hisa umefungwa, umebaki mwezi mmoja kuvunja. Hisa zote 3,000 kwa 5,000 kila moja ni 15,000,000. Ziada zilizolipwa 2,450,000. Faini 110,000. Jumla 17,560,000. Toeni matumizi (madaftari, kalamu, wino) 60,000. Inatakiwa kuwe na 17,500,000 mahali fulani. Mahali ni pawili tu, sandukuni au mikononi mwa wakopaji. Hesabuni sanduku: 4,300,000. Basi mikopo iliyo nje lazima iwe 13,200,000, si zaidi wala pungufu.

Kisha orodha ya mikopo isomwe, kila mkopaji akiri deni lake kwa mdomo. Hapa ndipo watu huanguka. Jina linasomwa, mwenye jina anashtuka: "mimi? nilimaliza tangu Agosti". Au jina linasomwa na mwenyewe hayupo, mikutano 3 hajaonekana, na anayemtetea kwa nguvu zote ni katibu.

Mwisho chukueni vitabu 5 bila kuchagua, mvuteni kama bahati nasibu, mhesabu mihuri dhidi ya leja. Kimoja cha hivyo 5 kiwe cha kiongozi kila mara. Wakaguzi wawe wanachama 2 wasio kwenye kamati, wabadilishwe kila robo ya mwaka.

Dalili za kuangalia mkiwa katika kazi hiyo: kurasa zilizoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko wa mkupuo mmoja ilhali ni mikutano ya wiki 6, daftari "jipya" lililonakiliwa kutoka la zamani ambalo limeloa mvua, namba iliyorekebishwa kwa kufuta badala ya kukatwa mstari mmoja na kusainiwa pembeni.

---

Kijana_wa_Buguruni

Hii ya daftari lililoloa mvua nimeisikia sana 😂

---

Mama_Tausi

Na tukimbaini mtu, tunamtoaje katikati ya mzunguko bila kikundi kupasuka? Maana ana ndugu zake humo humo, hisa zake humo humo.

---

FundiLeja

Mama yangu, hilo linategemea mlichoandika mapema. Katiba iseme theluthi mbili ya wanachama wanatosha kumwondoa kiongozi, na iseme kwamba kura ni ya siri. Kura ya kunyoosha mkono mbele ya mtu mnayekutana naye kisimani haina maana.

Ya siri si lazima karatasi. Wekeni nyuma ya pazia vyombo 2 vya rangi tofauti, kila mtu anaingia na kokoto moja. Kwenye uchaguzi wa kawaida ni hivyo hivyo, na kila nafasi iwe na wagombea wasiopungua 2. Uchaguzi ufanyike kila mzunguko mpya, hata kama waliopo ni malaika. "Waendelee tu" ni maneno yanayosemwa kwa upendo mwaka wa kwanza na wa pili, mwaka wa tatu ndiyo mnaanza kutafutana.

Tofautisheni kumwondoa kwenye uongozi na kumwondoa kwenye kikundi. Hisa zake ni zake. Kama amekula 600,000 na hisa zake zina thamani ya 800,000, msimfukuze akakimbia. Abaki mwanachama, akiri kwa maandishi, kiasi kikatwe siku ya kuvunja. Zikiwa hazitoshi, ndipo mnakwenda serikali ya mtaa au kijiji mkiwa na muhtasari uliosainiwa. Bila muhtasari mtaambiwa mkayamalize nyumbani.

Hapo pia usajili unasaidia. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi hivi viko daraja la nne la watoa huduma ndogo za fedha na vinasajiliwa kupitia halmashauri kwa niaba ya Benki Kuu. Kikundi kisichosajiliwa kinapata shida kujieleza popote.

Makabidhiano nayo ni siku moja, mbele ya wote: sanduku linahesabiwa, vitabu vinahesabiwa, muhuri unakabidhiwa, na kufuli zinabadilishwa. Msichukue ufunguo mkaacha kufuli. Fundi wa kuchonga funguo yuko kila stendi.

---

MamaHisa

Niguse siku ya kuvunja, maana hatari yake ni ya aina mbili, ya ndani na ya nje.

Mikopo mipya isitoke mwezi wa mwisho, na iliyopo irudi yote walau wiki moja kabla. Ikirudi, isilale kwa mtu. Iende benki au akaunti ya kikundi, itolewe asubuhi ya siku yenyewe na watu wasiopungua 4. Tarehe msiitangaze mtaani, na fedha zigawanywe zote kabla jua halijazama.

Mgao wenyewe ni hesabu moja: fedha zote gawanya kwa hisa zote. Tukichukua mfano wa mkaguzi, mwezi wa mwisho ziada ikaingia 1,100,000, zinakuwa 18,600,000. Gawanya kwa hisa 3,000, kila hisa ni 6,200. Mwenye hisa 140 alikuwa ameweka 700,000, anapata 868,000. Kila mwanachama azidishe mwenyewe kwenye simu yake kabla ya kuitwa. Hakuna "asante ya viongozi" inayokatwa juu kwanza. Kama mnataka kuwapa posho, iandikwe kwenye katiba mwanzoni kwa kiasi kinachojulikana, isiibuke siku watu wana furaha.

Kiongozi apokee mwisho. Fedha zikipungua mezani, upungufu umfikie yeye kwanza, ndipo atakuwa mwangalifu tangu Januari.

---

Mama_Tausi

Asanteni sana, tumeandika yote. Swali la mwisho: kufuli jipya linakuja na funguo zaidi ya moja. Zile za ziada nani anakaa nazo?

---

Mkaguzi_Mstaafu

Mama, hilo swali lingekuwa la kwanza kwenye uzi huu.

Mara nyingi aliyetumwa kununua kufuli ni mtunza sanduku, analeta ufunguo mmoja mmoja kwa wahusika, na zile za ziada zinabaki kwenye droo yake. Wala hana nia mbaya. Lakini tayari ana sanduku na funguo zote 3.

Kufuli zifunguliwe kwenye pakiti mbele ya kikundi. Za ziada zitiwe kwenye bahasha 3, kila moja isainiwe juu ya gundi na mwenyekiti, katibu na mshika ufunguo husika, kisha zihifadhiwe nje ya kikundi, kwa mfano kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mshika ufunguo akisafiri au akiugua, bahasha inafunguliwa mkutanoni na iandikwe.

Na mkiwa na sanduku mkononi, ligeuzeni nyuma muangalie bawaba. Mengi yanayochongwa mitaani bawaba zake zimefungwa kwa skrubu za nje, bisibisi ya 2,000 inafungua mfuniko bila kugusa kufuli hata moja. Mpelekeeni fundi azichomelee.